Miguu Minane na Mwavuli wa Mwalimu Mkuu

Mwalimu wetu wa maarifa ya viumbe alisema buibui ana miguu sita, na mimi nikacheka. Ni hilo tu. Sikuiba, sikupigana, sikuruka ua kwenda kuwachungulia wasichana ng'ambo ya mto. Nilicheka. Na kwa kicheko hicho nusura nikose mtihani wa darasa la nane, ule ambao baba yangu huuombea kanisani kila Jumapili kana kwamba ni mgonjwa wa homa.

Shule yetu ni ya bweni, si mbali na Bungoma. Mwalimu huyo alikuwa na daftari jekundu alilotoka nalo chuoni. Kila alichoambiwa huko alikinakili humo, na kila kilichomo tulikinakili sisi, hata madoa ya wino nadhani tungeyanakili kama tungejua namna. Siku hiyo alisimama mbele yetu akasoma: "Wadudu. Nzige, nyuki, siafu, buibui. Miguu sita."

Mimi hukaa karibu na dirisha, na kwenye kona ya dirisha hilo palikuwa na buibui wake. Nikamhesabu. Nikarudia kutoka upande wa pili, maana mtu asije akasema nilianzia vibaya. Nikainua mkono.

"Mwalimu, huyu wa dirishani ana minane."

"Huyo ni wa dirishani," akasema bila kugeuka. "Mtihani hauulizi wa dirishani. Unauliza wa daftari."

Hapo ndipo nilipocheka. Darasa zima lilicheka pamoja nami, lakini darasa zima lilijua kunyamaza kwa wakati. Mimi kipaji hicho sikujaliwa.

Kesho yake nilimletea shahidi ndani ya kiberiti. Sikumleta yule mdogo wa dirishani. Nilileta jike la bustanini, mwenye mistari ya manjano tumboni, yule anayekaa katikati ya utando kichwa chini kama askari wa zamu aliyepitiwa na usingizi. Nilikifunga kiberiti kwa haraka asitoroke. Mwalimu alikifungua mbele ya wote, akamwangusha mezani, mfu kabisa, akaanza kumhesabu kwa ncha ya penseli.

"Mmoja. Miwili. Mitatu. Minne. Mitano. Sita." Akanitazama. "Unaona?"

"Mwalimu, miwili imebaki ndani ya kiberiti! Niliibana!"

"Ati imebaki! Kumbe huyu wako anatembea huku miguu mingine ameiacha nyumbani?"

Wenzangu walicheka tena, safari hii bila mimi. Adhabu ikawa niandike mara mia: Buibui ana miguu sita. Niliandika mara mia, kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika, nikaiwekea kila sentensi namba, moja hadi mia. Buibui ana miguu minane. Buibui ana miguu minane. Nilipofika sabini mkono uliuma, lakini moyo ulikuwa unaimba.

Mwalimu Mkuu hakuimba. Alizisoma karatasi zangu zote, maana ni mtu asiyeruka mstari, halafu akavua miwani. Aliniambia nirudi kwetu. Nije na barua ya baba, nisimame mbele ya darasa, niombe msamaha, nitamke idadi ya miguu kama nilivyofundishwa. Ijumaa ya wiki inayofuata angepeleka majina ya wanaofanya mtihani.

"Jina ambalo halitakuwepo Ijumaa hiyo," akasema, "litakwenda kuchunga ng'ombe."

Nje mvua ilikuwa imeshika. Mlangoni mwa ofisi ulisimama mwavuli wake, mkubwa, mweusi, wenye kushonwa mahali pamoja. Sikuuiba. Niliuona umesimama bila kazi, na mimi nilikuwa na kazi.

Kwetu ni Matulo. Baba yangu ni mkulima na mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini. Akikukaripia inakubidi usogee ili usikie vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipukuchua mahindi.

"Lakini ni minane, Baba."

"Najua ni minane. Nimelima miaka yote hii, unadhani sijaona buibui?" Akapukuchua gunzi lingine. "Mwanangu, sema sita. Fanya mtihani. Ukishafaulu, sema minane mpaka ufe."

Neno hilo lilikuwa na akili nyingi, na ndiyo sababu lilinikera. Nililitafuna Jumapili nzima, hata kanisani. Kwa sababu nikishafaulu huu kutakuwa na mtihani mwingine, na mwalimu mwingine, na daftari jingine. Nikifika kazini kutakuwa na bwana mkubwa na sita yake. Niliyaona maisha yangu yote yamejipanga mstari: leo sita, kesho sita, na minane yangu imekaa pembeni inangoja nife. La, bana. Mtu akisema sita siku nyingi mno, siku atakapotaka kusema minane ulimi utamkatalia.

Jumatatu asubuhi Baba alinipa barua ya msamaha, na kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu. Kwetu mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu. Nikaenda hadi barabarani na barua mfukoni, kuku kwapani, mwavuli begani. Lori la kwenda Bungoma lilikuja kwanza. Nikalitazama likapita. Lilipokuja la kwenda Kitale nikapanda, nikakaa juu ya magunia, na kuku akaniangalia kwa jicho moja kama aliyejua kwamba njia si hiyo.

Mawazo yangu yalikuwa hivi. Mwalimu haamini macho, anaamini karatasi. Buibui wa dirishani alimkataa, wa kiberiti alimhesabu akiwa mlemavu. Basi nimletee buibui wa karatasi. Na Kitale nilikuwa na mjomba, ndugu wa mama yangu, mpiga picha.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani, jirani na msikiti. Ukutani alitundika pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari, na kando palining'inia koti moja la kuazima ambalo nusu ya wanaume wa Kitale wamepigiwa picha ndani yake. Kwetu mjomba hamkatalii mpwa. Mpwa akiingia kwa mjomba wake anaweza kutaka hata kuku anayetaga, na apewe. Mimi kuku nilikuja naye, kwa hiyo nikataka kingine.

"Mjomba, nataka unipigie picha ya buibui."

Akanitazama toka juu hadi chini, mimi na kuku na mwavuli. "Atakuja na suti yake, ama nimwazime koti?"

Nikamweleza yote. Alicheka kwa ile penseli ya mwalimu, kisha kicheko kikaisha ghafla. Alipokuwa mdogo, akaniambia, naye aliwahi kutumwa nyumbani, na yeye alirudi akaomba msamaha. Hakuniambia ni msamaha wa nini. Alifungua kabati akatoa vioo vitatu, vile vinavyoshika picha ndani ya kamera.

"Vitatu tu, mpwa wangu. Jumamosi nina harusi."

Kamera yake ni ya mbao, inasimama kwa miguu mitatu, na hiyo hakuna aliyewahi kubishania. Kati ya mbele na nyuma kuna ngozi iliyokunjwakunjwa kama kodiani. Akipiga picha ya mtu huivuta kidogo tu. Lakini ukiivuta sana na kusogea karibu, akanionyesha, kitu hukua juu ya kioo; ukiivuta hadi mwisho, kitatoka kikubwa kuliko kilivyozaliwa. Ubaya wake ni kwamba mwanga hupungua. Kifuniko cha jicho la kamera lazima kikae wazi kwa muda huku mtu anahesabu, na muda huo upepo usipumue, utando usitikisike, na buibui asikumbuke kwamba ana shughuli kwingine.

Jike mwingine wa mistari ya manjano tulimkuta kwenye ua wa miti nyuma ya duka. Jumanne asubuhi, umande haujakauka, mjomba alijifunika kitambaa chake kichwani, akavuta ngozi, akahesabu, tukapata kioo cha kwanza. Kilipooshwa kilionyesha majani. Majani mazuri sana. Katikati yao palikuwa na kitu kama jani lenye tumbo.

"Nimekuwa mjinga," akasema mjomba. "Mguu wa rangi ya majani juu ya majani, si ni jani? Hata bibi harusi huwekewa pazia. Huyu anataka giza nyuma yake."

Fundi cherehani alikuwa mzee wa Kiislamu, mcheshi kama mimi ila kwa adabu. Alituletea kipande cha kitambaa cheusi. Tulipokisimamisha juani kiling'aa kama mgongo wa ng'ombe aliyetoka kuoshwa. Ndipo nikaufungua mwavuli wa Mwalimu Mkuu, nikauinamisha nyuma ya utando, tumbo lake likiwa upande wetu. Jua halikuweza kuingia mle. Ulikuwa mweusi kama ndani ya chungu. Mjomba akachungulia chini ya kitambaa chake, akakaa humo kwa muda, na nilipodhani amelala nikasikia sauti yake.

"Ee, mama yangu. Njoo uone."

Nikaingiza kichwa. Kwenye kioo cha nyuma mambo yote huonekana juu chini, kwa hiyo buibui, ambaye hukaa kichwa chini, alikuwa amesimama wima kama mfalme. Giza tupu lilimzunguka. Nyuzi za utando zilikuwa zinawaka. Nikaona vinyweleo miguuni mwake, kimoja kimoja, na manjano ya tumbo lake hayakuwa mistari tena, yalikuwa kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye subira. Nimewaua wengi wa namna hiyo kwa fimbo, nikipita tu. Nilitoa kichwa nje na sikuwa na mzaha wowote mdomoni, jambo ambalo mjomba alilitaja mara tatu siku hiyo.

"Mpigeni picha lakini msimwue," akasema fundi. "Huyo kwetu ana heshima yake. Alifunga kwa utando mlango wa pango alimojificha Mtume, adui akapita."

Kioo cha pili kilioshwa chumbani, kwenye mwanga mwekundu. Picha ikatoka safi, kali, buibui ameangaza kama taa ndani ya usiku. Tukainama juu yake, vichwa vinagusana. Nikahesabu.

Alikuwa na miguu minne.

"Hesabu tena," akasema mjomba.

"Minne."

Tulitazamana. Kisha tukacheka mpaka fundi akagonga ukuta akitaka kujua nani amekufa. Tulitoka kumtazama mwenyewe, na kweli: buibui yule akipumzika huiunganisha miguu yake miwili miwili, imebanana kama viganja vya mtu anayesali, na ukimwangalia unaona msalaba wa miguu minne minene. Nilikuwa nimefukuzwa shule kwa ajili ya miguu ile, na sikuwa nimejua mwenyewe anavyoiweka. Hilo lilinichoma kidogo. Mwalimu alikuwa hajaangalia. Mimi niliangalia nusu tu.

Kikabaki kioo kimoja. Jumatano mawingu hayakutoa nafasi. Alhamisi asubuhi kulikucha shwari. Nilikata unyasi mrefu wa kumtekenya ili aachanishe miguu. Mjomba akasimamisha kamera, mimi nikashika mwavuli, na kuku wa msamaha tulikuwa tumemfunga kwenye mguu mmoja wa kamera, kwa kamba ambayo fundi alisema ni fupi na mimi nikasema ni ya kutosha. Nikanyoosha unyasi. Buibui akaachanisha miguu yake polepole, minane yote, naapa, kama mtu anayenyoosha vidole baada ya kazi.

"Usitikisike," akanong'ona mjomba.

Sikutikisika. Kuku ndiye aliyetikisika. Aliruka mara moja, akadonoa mara moja, akatua, akafuta mdomo wake majanini.

Kifuniko cha kamera kilikuwa bado hakijatolewa; hilo tu ndilo lililotuokolea kioo. Kisha fundi, aliyekuwa mlangoni na sindano mdomoni, akaitoa sindano ili acheke salama. "Kijana," akasema, "msamaha wako una njaa."

Ningemchinja pale pale. Mjomba akakataa, akasema kuku huyo ana safari. Fundi, alipomaliza kufuta machozi, alituongoza hadi upande wa pili wa duka, penye mzabibu wake mdogo aliokuwa anaubembeleza uote. Palikuwa na buibui wake mwenyewe, aliyemlinda miezi mingi asiguswe na ufagio. Alikuwa mkubwa kuliko yule wa kwanza. Tulimfungia kuku ndani ya chumba cha mjomba, chini ya pazia la jumba la kifahari, na fundi mwenyewe akashika mwavuli. Mimi nikatekenya. Miguu ikafunguka. Mjomba akatoa kifuniko cha jicho la kamera, akahesabu taratibu kwa sauti ya mtu anayelaza mtoto, akakirudisha.

Picha ya mwisho ilitoka na ukubwa wa kiganja changu. Miguu minane mbali mbali, kila mmoja na vinyweleo vyake, nyuma yake giza. Mjomba aliniandikia nyuma kwa penseli, chini ya mhuri wa kazi yake wenye jina la Kitale: Hesabu polepole.

Ijumaa alasiri niliingia ofisini mwa Mwalimu Mkuu na kuku kwapani, mwavuli nimeuegemeza nje ya mlango. Mwalimu wa maarifa ya viumbe alikuwepo, na karatasi ya majina ilikuwa mezani, wino bado mbichi. Jina langu halikuwemo.

"Barua ya baba?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Nimekuja na picha, Mwalimu."

Nikaiweka juu ya karatasi ya majina. Wakainama wote wawili. Mwalimu akatoa penseli yake, ile ile.

"Mmoja. Miwili..." Kuku alikuwa anaguna kwapani. "...Minane. Tisa." Akanyanyua uso, na uso ule ulikuwa unameremeta. "Kumi! Mwalimu Mkuu, si sita, si minane. Ana kumi! Mtoto huyu ametuletea uongo mwingine mpya!"

Nikatazama. Alikuwa sahihi, kwa mtu anayehesabu kila kinachochomoza. Kamera ya mjomba ilikuwa imekuza mno. Mbele ya kichwa, pale ambapo jicho tupu haliambulii kitu, vilionekana vijimkono viwili vifupi.

"Hivyo si miguu," nikasema. "Hajakanyaga navyo popote. Tazama ncha zake, hazijagusa utando. Hivyo ni vya mezani, Mwalimu, vya kulia ugali."

"Vya kulia ugali!"

"Mwalimu," nikasema, "kama hamwamini picha, hapo nje kwenye ua wa bustani ya kabichi wapo. Mimi sitasema sita. Nipelekeni kwa ng'ombe leo hii. Hata ng'ombe nitawahesabu miguu kwa ukweli."

Mwalimu Mkuu akainuka, akachukua picha, akatoka nje. Mwalimu akamfuata, nami na kuku wangu, nikiupitia mwavuli mlangoni. Tulimpata buibui kabla ya kufika mwisho wa ua. Alikuwa amebana miguu, msalaba wa minne, na mwalimu akataka kufungua mdomo. Nikachuma unyasi nikamtekenya. Lakini kabichi zilikuwa nyuma yake, kijani juu ya kijani, na macho ya Mwalimu Mkuu si ya ujana. Basi nikafungua mwavuli nikauweka nyuma ya utando. Sikufikiri. Kwa wiki nzima mkono wangu ulikuwa umezoea.

Miguu ikatokea.

Mwalimu alipiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya kazi, picha mkono wa kushoto. Hakuhesabu kwa sauti. Niliona midomo yake ikienda, ikafika mahali, ikasimama. Akarudia kutoka upande wa pili. Mtu anayehesabu kutoka upande wa pili namheshimu, hata kama ni yeye. Aliposimama alijipangusa magoti na kusema, bila kunitazama, "Jina lake lina nafasi pale chini."

Hakusema zaidi ya hapo. Jumatatu tulikuta ubaoni sita imefutwa na nane imeandikwa. "Nakilini," akasema, na darasa likanakili.

Lakini Ijumaa ilikuwa bado haijaisha. Mwalimu Mkuu alikuwa hatazami buibui. Alikuwa ameichukua tena picha, anaitazama kwenye pembe yake ya juu, ambapo giza lilikuwa na mshono mdogo wa uzi mnene. Kisha akaigeuza, akausoma mhuri, akatazama mwavuli niliokuwa nimeushika, mahali pale pale.

"Huu mwavuli wangu," akasema taratibu, "umefika Kitale?"

Picha, wenzangu, haichagui la kusema. Nikamwinulia kuku kwa mikono miwili.

"Baba alimtoa awe kuku wa msamaha, Mwalimu. Kwa miguu ya buibui msamaha sina. Kuku ni wa mwavuli."

Akampokea, ndiyo. Lakini fimbo alizitoa pia, ofisini, na alisema zitakuwa sita. Niliinama nikahesabu kimoyomoyo. Ya sita ilipotua akaniambia niinuke, niende.

Sikuinuka. "Bado mbili, Mwalimu."

Nyuma yangu nilisikia kitu kama kikohozi, na sikujua kama ni chake ama cha kuku. Kisha akaongeza zote mbili, na sidhani kama alipunguza nguvu.